Barua ya Mwalimu Adelard

"Mwenzangu, hivi Mwalimu wenu huwa anasoma au anakumbuka?"

Swali hilo aliniuliza Bi Somoe, jirani yangu, siku moja tukianua nguo, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Bi Somoe ni Mwislamu, Mzaramo wa hapa hapa, kazaliwa Goba ilipokuwa mikorosho mitupu. Jumuiya yetu hajawahi kuingia, lakini anaijua kuliko baadhi ya Wakatoliki, maana dirisha la sebule yangu linatazama jiko lake la nje. Ikifika zamu ya kusali kwangu Jumamosi, yeye yuko pale anakoleza mkaa na anatusikia mwanzo mpaka mwisho.

"Anasoma," nikamjibu. "Si ana kitabu mkononi."

"Kitabu hata mie naweza kushika. Juzi umeme si ulikatika? Nyie wote mkaguna, wewe nikakusikia unauliza kiberiti kiko wapi. Yeye hata hakusimama. Kaenda tu na Wakorintho wake mpaka mwisho. Mwezi wa saba huu, saa kumi na mbili asubuhi, humo ndani mnaonana?"

Nikakunja shuka, nikaweka kwenye beseni. Nilikuwa nimeliona hilo kabla yake, ila nilikuwa sijalitoa mdomoni.

Mwalimu Adelard alifundisha shule za msingi miaka thelathini na nane, Kisarawe, Mkuranga na mwisho huku Kinondoni. Alipostaafu akajenga hapa kilimani, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mkewe alishafariki. Binti yake Benedicta anakaa Mbweni, anakuja Jumapili na vitu vyake kwenye gari, anakaa saa moja, anaondoka. Jumuiyani Mwalimu ndiye msomaji wetu tangu jumuiya ilipoanzishwa. Hakuna aliyempigia kura. Alisimama siku ya kwanza akasoma, na baada ya kumsikia yeye hakuna mwingine aliyetaka kusikika.

Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini natazama. Nilianza kuona kwamba akifika mlangoni anapapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kuingia. Nikaona chai anaipokea kwa mikono miwili, akisubiri kikombe kimfikie. Nikaona redio yake ya dini, ile inayosoma masomo ya Jumapili kila Ijumaa jioni, haizimwi, na yeye anakaa nayo sikioni kama mtu anayesubiri matangazo ya vifo. Na kuna Jumamosi moja, Ijumaa yake umeme haukuwepo kutwa, alisimama akatusomea vizuri kabisa somo la wiki iliyopita. Tulitazamana. Alipomaliza akasema "Neno la Bwana," nasi tukajibu "Tumshukuru Mungu," tukakaa.

Hakuna aliyesema kitu. Ningesema nini mimi? Nimeishia darasa la saba. Mwalimu alimfundisha mwanangu Ansbert kusoma.

Sasa mwezi wa nane mtendaji wa mtaa akatuita ofisini. Akasema mwanzoni mwa mwezi wa kumi anataka Siku ya Wazee katika mtaa wetu. Wazee wapimwe afya, wale, wacheze, wakutane, maana kuna watu humu wanakaa nyumba mbili kutoka kwa mwenzao na hawajaonana tangu msiba wa mwisho. Akaunda kamati. Mwalimu Adelard mwenyekiti. Mzee Nassibu, fundi seremala wa zamani, michezo. Bi Somoe chakula. Mimi nikawekwa katibu.

"Mie mwandiko wangu wa kitoto," nikasema.

"Unasomeka," akasema mtendaji. "Wa Mwalimu mwenyewe siku hizi hatuuoni."

Mwalimu akacheka. Akasema mwalimu aliyestaafu ameandika ubaoni vya kutosha, sasa wanafunzi waandike.

Kikao cha kwanza alikuja nesi wa zahanati ya kata, anaitwa Sekela, Mnyakyusa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Akatueleza watakachoweza kuleta: presha, sukari, uzito, na wakiombwa mapema kwa barua, watu wa macho kutoka hospitali ya wilaya.

"Macho ndiyo wazee wanayaulizia sana," akasema. "Na kuna mambo mawili wasiyachukulie kama kitu kimoja. Mtoto wa jicho anakatwa, mtu anaona tena. Presha ya macho ni nyingine. Ile inakula kidogo kidogo, haiumi, na ikishakula hairudishi. Huyo ukimchelewa umemchelewa."

Nilikuwa natazama daftari langu, lakini nikainua macho nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anazungusha kalamu mezani, polepole, kama mtu asiyesikiliza.

Tukapanga mengine. Mahali palitupa shida. Ofisi ya serikali ya mtaa iko juu, na barabara yetu ni ile ya kuchimbwa na mvua, mzee akiipanda presha inapanda naye. Mzee Nassibu akasema vijana wa bajaji wa kituo cha chini watawabeba, yeye anawajua, wengine aliwatengenezea vitanda vya harusi. Hilo likapita. Kwenye michezo akasema bao.

"Na mdundiko," akasema Bi Somoe.

"Mdundiko ni ngoma ya kutembea," akasema Mwalimu. "Wazee wenye magoti mabovu utawatembeza wapi, Bi Somoe, mpaka Mbezi?"

"Tutaupiga umekaa."

"Mdundiko umekaa sijawahi kuuona."

"Hujaishi na Wazaramo vya kutosha, Mwalimu. Miaka yote hiyo bado mgeni."

Wote tulicheka, na yeye akacheka. Nikaandika: mdundiko, wa kukaa. Kwaya ya kigango nyimbo mbili.

Kwenye chakula ndiko kulikokuwa na mzozo. Nesi Sekela alisema wazee wa kupimwa sukari waje hawajala tangu usiku, wapimwe kwanza ndipo wanywe chai. Bi Somoe akavuta mtandio wake.

"Mzee atoke kwake saa moja asubuhi, aje mpaka nilipo, halafu nimtazame nisimpe hata chai?"

"Saa moja tu, mama, mpaka apimwe."

"Sijalelewa hivyo."

"Si kumnyima. Ni kumcheleweshea."

Bi Somoe akasema amesikia. Hakusema amekubali. Hilo niliandika kichwani, si kwenye daftari.

Kikao cha pili Nesi hakuwepo, alikuwa zamu. Tukafika kwenye orodha ya vipimo ili barua iandikwe. Mwalimu akasema, "Presha, sukari, uzito. Macho tuyaache."

"Kwa nini tena?" akauliza Mzee Nassibu. "Mie mwenyewe nataka. Siku hizi sindano naitunga uzi kwa kukisia."

"Foleni. Mtu mmoja wa macho ni dakika kumi. Tuna wazee sitini. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi. Watakaa juani, watagombana, watasema kamati mbovu. Macho tutafanya mwaka kesho."

Nani angebishana hesabu na Mwalimu? Mzee Nassibu akahesabu kwa vidole, akaacha. Bi Somoe akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari.

Jioni ile nilipokuwa nasali rozari nilifika fumbo la tatu nikapotea. Nilikuwa namfikiria marehemu mume wangu, Jonas. Jonas alikuwa anaamka usiku kunywa maji. Mara tatu, mara nne. Nilimsikia kila usiku, nikahesabu, nikanyamaza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuambiwa. Kisha nikauona mguu wake, kidonda kisichofunga, anakivalia soksi. Nikafua soksi zile, nikanyamaza. Walipokuja kuukata ule mguu daktari alinitazama mimi akaniuliza, "Mama, hukuwa unaona?" Nilimwambia sikuwa naona. Nimekaa na uongo ule miaka tisa.

Jumanne nikaenda kwa Mwalimu kuandika barua. Alikuwa barazani kwake na redio. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha kiti ambacho hakikuwepo pale alipoonyesha. Nikakivuta kutoka kilipokuwa, nikakaa.

Akaanza kunitamkia. Barua za Mwalimu zina ustaarabu wake. Anwani ya mtaa, tarehe, "Kwa Mganga Mfawidhi," kisha Yahusu, kisha kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nami naandika. Akafika kwenye orodha. "Moja, upimaji wa presha. Mbili, sukari. Tatu, uzito na ushauri wa chakula. Basi. Wako katika ujenzi wa taifa."

Nikaandika hizo tatu. Kalamu ikakaa hapo kidogo. Kisha nikaandika ya nne: wataalamu wa macho, kutoka hospitali ya wilaya. Nikaandika na Wako katika ujenzi wa taifa.

"Nisomee," akasema.

Alikuwa anataka nimsomee kila kitu, tangu kikao cha kwanza. Zamani angechukua karatasi, angesahihisha kwa wino mwekundu, hata barua ya msiba. Sasa anasema nisomee nisikie kama umeandika vizuri. Basi nikamsomea. Nikasoma moja, mbili, tatu, nikaruka, nikasoma Wako katika ujenzi wa taifa. Nilisoma bila kukwama.

"Vizuri. Kunja pale pa kusaini."

Hilo nalo lilikuwa lake la miaka hii miwili. Alikuwa anasema barua ya heshima hukunjwa kwenye mstari wa sahihi. Sijawahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo. Unamkunjia, anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, anajua mstari uko wapi, anasaini juu yake. Sahihi yake ilikuwa bado nzuri, kama ya cheti cha shule. Akanirudishia.

"Una mwandiko mzuri, Mama Ansbert," akasema. "Bora ungeendelea na shule."

Nilikwenda nayo zahanati siku hiyo hiyo kabla roho haijanigeuka. Nesi Sekela akaisoma, akasema, "Mwenyekiti kakubali macho. Afadhali." Sikumjibu. Nikamwomba nakala, akanitolea kwa mashine, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Jumamosi ile nikaenda kuungama. Nilimweleza Padri kila kitu bila kutaja jina.  Kisha akaniuliza, "Umemsomea uongo mtu asiyeona?"

"Mtu asiyetaka ijulikane kwamba haoni, Baba."

"Ni yule yule. Kamwambie. Na usimwambie siku yenyewe mbele ya watu."

Kitubio changu kilikuwa hicho. Sasa niseme ukweli jinsi nilivyokifanya. Jumatatu nilifika getini kwake, nikasikia anakoroma, nikarudi. Alhamisi nilifika, nikamkuta na Mzee Nassibu wanacheza bao barazani. Bao alikuwa analicheza kwa vidole, anapapasa kila shimo na kuhesabu kete kwa kucha, na alikuwa anamfunga Nassibu goli la tatu, amefurahi, anamwambia, "Wewe macho yako mazima na bado unafungwa, yangekuwa mabovu ungekula nini?" Nassibu anacheka, hajui kitu, au anajua. Nikasema nimepita kusalimia tu. Siku zikaisha.

Siku ya Wazee ilikuwa Jumamosi, na jumuiya ikaahirishwa kwa ajili yake. Saa kumi na mbili na nusu turubai lilishafungwa mbele ya ofisi ya mtaa, viti vya plastiki vimepangwa, bajaji zinapanda na wazee wawili wawili, wengine na mikongojo imetokeza nje. Walikuwa wanasalimiana hadi foleni inasimama. Kuna bibi wawili walishikana mikono wakawa hawaachiani, kila mmoja anasema alidhani mwenzake alishakufa.

Nilikwenda nyuma ya ofisi kuangalia maji. Nikamkuta Bi Somoe kwenye jiko lake, na nyuma yake, pembeni kwenye kivuli, wazee kama kumi na watano wamekaa na vikombe vya chai na maandazi.

"Bi Somoe."

"Usinitazame hivyo. Walitetemeka."

"Nesi alisema wapimwe kwanza."

"Na mie nilisema nimesikia."

Dakika kumi baadaye Nesi Sekela alitoka mezani kwake na kikaratasi. Alikuwa anasema polepole kama kawaida yake. "Kuna nini leo mtaa huu? Nimepima wazee wanane, sukari zao zote ziko juu. Nani kawapa kitu?" Hakuna mzee aliyejibu. Mmoja alikuwa bado anapangusa mafuta ya andazi kwenye ndevu. Nesi akamtazama, akamtazama Bi Somoe, akarudi mezani akaanza kuandika kwa kila mmoja: amekula, amekula, amekula. Waliopimwa vizuri walikuwa wale wa bajaji za mwisho.

Wakati huo Mwalimu Adelard alikuwa amekaa chumba cha ndani cha ofisi, suti yake ya kijivu, anangoja kufungua. Na nikasikia gari likipanda kilima kwa gia ya kwanza. Nilijua ni gari gani. Sikuwa na siku nyingine tena. Nikaingia, nikafunga mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gari la nani hilo? Zahanati wote si wameshafika?"

"La watu wa macho."

Aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Kisha akasema, "Nani kawaita?"

"Wewe. Ulisaini barua."

"Barua haikuwa na macho."

Nikafungua kitabu cha sala nikatoa nakala. "Naomba nikusomee tena," nikasema. Nikaisoma yote. Anwani, tarehe, kichwa cha habari, moja, mbili, tatu. Nikasoma ya nne. Nikasoma jina lake chini ya sahihi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Nje walikuwa wanashusha vitu, nikasikia meza inaburutwa.

"Kwa hiyo siku ile ulinisomea kingine."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Nimeungama, Padri akasema nije nikwambie, nimechelewa kuja. Nisamehe, Mwalimu."

"Ulijua sitaona."

"Nilijua."

"Nani mwingine anajua?"

Hapo ningeweza kumpunguzia. Nikaona nimeshapunguza vya kutosha. "Jumuiya nzima. Tangu ile siku umeme ulipokatika. Bi Somoe naye anajua, kupitia dirishani."

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Miezi mitatu," akasema. "Na mkaniacha nasimama kila Jumamosi. Mnajibu Tumshukuru Mungu."

"Lilikuwa Neno la Mungu, Mwalimu. Ila siku moja lilikuwa la wiki iliyopita."

Nilidhani atanifukuza. Midomo yake ikasogea kidogo, sikujua ni kucheka au ni nini.  Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayeuliza njia, "Nisiposoma, Mama Ansbert, mle jumuiyani mimi ni nani? Mzee wa kukalishwa kiti cha mbele?"

 Nikamwambia, "Chumba cha macho tumekiweka ofisi ya mtendaji. Mlango unafungwa. Anaingia mmoja mmoja. Nimepanga mwenyewe."

Mlango ukagongwa. Mtendaji akasema wageni tayari, mwenyekiti anasubiriwa.

Mwalimu akasimama, akavuta koti, akatoka mbele yangu. Njia ile ya kutoka alikuwa ameihesabu: hatua sita, ngazi moja, kushoto. Akashika kipaza sauti. Wazee wakanyamaza, wengine walikuwa wanafunzi wake au wazazi wa wanafunzi wake. Akawakaribisha. Akawashukuru vijana wa bajaji, akamshukuru Bi Somoe kwa chai, na Nesi Sekela akatazama chini. Kisha akaanza kuwaelekeza vituo, bila karatasi, kama kawaida yake.

"Meza ya kwanza, presha. Meza ya pili, sukari. Meza ya tatu, uzito na ushauri wa chakula."

Akanyamaza. Watu wakageuka kutazama mlango wa ofisi ya mtendaji, ambapo dada mmoja wa hospitali alikuwa anabandika karatasi yenye herufi E kubwa na ndogo, zinaelekea huku na huku. Kwa desturi yetu mwenyekiti akifungua siku kama hii yeye ndiye anayepimwa kwanza, ili wazee wasiogope. Ilikuwa akunje mkono wa shati kwenye meza ya presha na kupigwa picha, hivyo ndivyo tulivyopanga.

"Ya nne," akasema Mwalimu, "macho. Hiyo naanza mimi. Katibu aje aandike."

Nikamfuata. Mlango ukafungwa. Yule dada akamkalisha, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. "Mzee wangu, hivi ni vidole vingapi?"

"Mwanangu, usihangaike na vidole," akasema Mwalimu. "Nikikaa hivi naona dirisha. Nikigeuka naona mlango ukiwa wazi. Ndiyo nilivyo."

Dada yule akaacha kutabasamu, akaanza kazi. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akaweka kitu kidogo juu ya kila jicho, akaandika namba. Ilichukua zaidi ya dakika kumi, hapo hesabu ya Mwalimu ilikuwa sahihi. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Jicho la kulia ni presha ya macho, mzee. Limekwenda. Sitakudanganya, halirudi. La kushoto presha ndiyo inaanza, lakini kinachokuzuia kuona ni mtoto wa jicho, amekomaa. Huyo anakatwa. Ukija haraka, jicho moja utalipata, na dawa ya matone utatumia maisha yako yote. Ungekuja mwaka juzi tungeongea mengine."

"Mwaka juzi nilikuwa bado nasoma," akasema Mwalimu. "Herufi kubwa."

"Hospitali wanapokea Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Kuna mtu wa kukuleta?"

"Yupo binti yangu. Hajui." Akageuza kichwa upande nilipokuwa. "Umeandika?"

"Naandika."

"Andika kama alivyosema. Usipunguze."

Nikaandika: la kulia, presha ya macho, halirudi.  Nikamsomea lote.

Siku ile iliendelea. Mzee Nassibu alishinda bao kwa sababu Mwalimu hakucheza. Mdundiko ulipigwa umekaa, halafu bibi mmoja wa miaka themanini akainuka, na wengine wakainuka, na Bi Somoe akanipita na kunisukuma kwa kiwiko, akasema, "Unaona, magoti yamepona." Wazee ishirini na watatu walipimwa macho mpaka saa nane mchana, wengine waliobaki wakapewa siku ya kwenda hospitali. Hakuna aliyegombana kwenye foleni.

Wiki ile Mwalimu hakunisemesha. Nilipita getini kwake mara mbili, nikamwamkia, akaitika marahaba, basi. Nilimpigia simu Benedicta mwenyewe kumwambia kuhusu hospitali, akaniambia baba yake alishampigia Jumamosi ile ile jioni. Akalia kidogo kwenye simu. Akasema kila Jumapili alikuwa anampelekea magazeti.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Saa kumi na mbili watu walikuwa wameenea sebuleni, na nje nikanusa mkaa wa Bi Somoe. Sikutegemea Mwalimu angekuja, maana saa mbili alitakiwa hospitali. Alikuja. Akapapasa kizingiti kwa mguu, akaingia na suti ile ya kijivu, akaenda kusimama mahali pake karibu na meza yenye msalaba na mshumaa. Tukaimba, tukasali sala ya mwanzo. Ikafika zamu ya somo.

Akachukua kitabu mezani, akakifungua kama siku zote. Watu wakajipanga kusikiliza. Wengine nikaona wanatazama chini, kama wanaomwonea mtu aibu. Alikaa nacho hivyo kidogo, kidole gumba kikipita juu ya ukurasa. Kisha akakinyoosha mbele yake, mikono miwili, kuelekea nilipokuwa nimekaa.

"Atasoma Mama Ansbert," akasema. "Na asome kilichoandikwa."

Nikainuka. Nikakipokea. Ulikuwa ukurasa mwingine kabisa, ikabidi nitafute la siku. Honi ya gari la Benedicta ikapigwa mara moja barabarani. Mwalimu akageuka, akaweka mkono kwenye ukuta wangu, akaufuata ukuta hadi mlangoni. Mzee mmoja aliinuka kumshika, yeye akamwonyesha kwa kiganja akae. Akatafuta kizingiti kwa mguu, akakivuka, akatoka bila neno lingine.